Miguu ya Gentil Iko Mizima

Nyalukemba, Bukavu, tarehe 4 mwezi wa sita 2023

Dada Georgette,

Mutoto wako Akonkwa ametoka sasa hivi kung'oa ukurasa mu silabusi ya baba yake, akautia mu kinywa, akautafuna polepole kama muzee anayeonja sombe, majani ya muhogo, ya ukweni, kisha akautema juu ya mukeka na kuniangalia vile mutu anaangalia mupishi mubaya. Nilipaswa kumukaripia. Nikacheka. Ukurasa wenyewe ni wa kozi ya Profesa Camille, juu ya udongo wenye tindikali. Hata mutoto wa miaka mbili amejua ile kitu haina chumvi.

Nakuandikia ku karatasi, si kwa message ya sauti, na sababu ni hii: sauti ndugu yako Gentil ataisikia, karatasi ataipita tu. Na ndiyo habari yenyewe.

Wewe ulimulea ndugu yako tangu mama yenu afariki, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Bwana yangu kusoma kunamushinda. Usianguke. Herufi anazijua, jina lake anaandika. Lakini ukimupa ukurasa mzima, macho yanaenda, yanarudi, neno moja linamugeukia, na akifika mwisho wa mustari, mwanzo wake umekwisha kutoroka. Mwaka wa kwanza wa agronomie, masomo ya kilimo, alirudia. Wa pili anarudia sasa. Akianguka tena ku mutihani wa mwezi wa nane, wanamufukuza, na masomo yamekwisha kabisa. Ninyi huko munasema ni pombe. Mimi ndiye ninalala naye, sijasikia harufu.

Nilichokiona ni hiki. Mimi niliyekomea mwaka wa pili wa secondaire nikimusomea ile silabusi kwa sauti, huku natwanga, anashika yote. Juzi niliruka mustari kwa vile Akonkwa alikuwa analia. Gentil akasema: "Rudia, Bibi, umeacha kitu kati ya chokaa na mbolea." Nikarudia. Kweli nilikuwa nimeacha.

Basi nikamupeleka kwa Maman Priscille, anayefundisha kwa masista watoto ambao masomo yanawakataa. Alimusomesha, akamusomea, akamuuliza. Akasema kitu hiki kiko na jina, dislexi; mutu anazaliwa nacho, si buvivu, si uchawi, na hakuna dawa yake. Kinasaidiwa tu: mutu anasomewa maswali, ao anajibu kwa mudomo. Akaniandikia karatasi. Na ku université kuna ofisi mupya ya kusaidia wanafunzi wenye ulemavu, banderole yake ya kitambaa ni kubwa kupita nyumba yetu. Nitaenda pale wiki hii.

Nakuomba kitu kimoja: usimuite kulima mbele ya ule mutihani. Ngoja kwanza wamusikilize mara moja.

Wa kwako anayekupenda,
Bibiane

*

Luberizi, tarehe 13 mwezi wa sita 2023

Mama Akonkwa,

Anaclet shofere wa lori ya muchele amenipa barua yako nikiwa ndani ya maji ya shamba mpaka magoti. Nimeisoma hapo hapo nimesimama, nikacheka mpaka wanawake wakaniuliza kama nimeshinda tombola.

Ugonjwa wa kusoma! Asante kunijulisha. Sasa nimejua bwana yangu Benoît naye anaugua: iko na ugonjwa wa jembe. Alizaliwa nao, hauna dawa. Akiona jembe, macho yanaenda, yanarudi. Akiona bugali anapona. Umuulizie Maman Priscille kama kuna ofisi yake na banderole yake.

Sikiliza, mama mutoto. Papa yetu alikuwa katekista huku mpaka kufa kwake. Kitabu alikishika mukononi kila Jumapili, na mara nyingi mimi mwenyewe nilikiona kimegeuka juu chini! Hakukiangalia hata. Injili zote alikuwa ameziweka mu kichwa, na akizisema watu walilia. Kuna mutu alimwita mulemavu? Aliomba ofisi? Alikaza roho, akafanya kazi yake. Gentil naye akaze roho. Ni damu moja.

Na wewe unamusomea! Mwanaume wa ndevu anasomewa na muke vile mutoto ananyonyeshwa! Usiwaambie watu wa huku, nitakosa pa kupitia.

Katikati ya mwezi wa nane tunatoa muche mu kitalu na kuupandikiza. Akianguka, apande lori ya Anaclet siku hiyo hiyo, aje ainame mu matope pamoja na wenzake. Muchele hauulizi mutu kama anajua kusoma. Umubusu Akonkwa. Yeye ndiye mwenye akili mu ile nyumba, anajua cha kutema.

Georgette

*

Nyalukemba, tarehe 21 mwezi wa sita 2023

Dada Georgette,

Umusalimie Shemeki Benoît, umwambie apone pole pole, asijitese.

Nimeenda ku ofisi. Wameandika mulangoni kwa rangi ya bluu: "Karibu wote." Mulango wenyewe uko juu ya ngazi ndefu isiyo na kitu cha kushikilia. Ofisi ya walemavu, juu ya ngazi! Chini ya ngazi alikuwa ameketi mwanafunzi wa magongo, anaitwa Dany, miguu yake ni ya polio, anangoja mutu ashuke amwambie kama wamemupa nafasi. Mimi nikapanda na Akonkwa mugongoni.

Kordinateri wao ni Marcellin, mwalimu wa cheo cha Chef de travaux. Amevaa T-shirt ya projet ya wafadhili juu ya shati na karavati. Hakuniambia nikae. Aliangalia mutoto, aliangalia kapeti zangu, kandambili za plastiki ku miguu, akauliza:

"Maman, huku hatununuagi kitu. Unauza nini?"

"Siuzi kitu, papa chef. Nimekuja juu ya bwana yangu, ni mwanafunzi wenu."

"Iko na ulemavu gani? Miguu?"

"Hapana. Ni kusoma."

"Basi macho."

"Macho yake yanaona mbuzi mpaka Rwanda, ng'ambo ya ziwa."

"Masikio?"

"Anasikia kuliko wewe na mimi."

"Kumbe ni kichwa. Wa kichwa bako na kituo yabo, si huku."

Nikamupa karatasi ya Maman Priscille. Akaishika kwa vidole viwili vile munashika kitambaa cha mutoto chenye kulowa. "Dislexi," akasema. "Ile ni magonjwa ya wazungu wenye kukosa magonjwa. Kwetu mutu asiyejua kusoma tunamwitaga mutu asiyejua kusoma." Sekretere wake Charlène akacheka, kicheko cha kazi, vile wengine wanagonga muhuri.

Nilitaka kugeuka. Lakini nikawaza vile Gentil anatokaga ku mutihani, shati imelowa mugongo mzima, na ile namna anasema "haikuwa mubaya sana" huku anainua mutoto ili nisione uso wake. Nikabaki. Nikasema:

"Papa chef, wale munaowaandika hapa, wanajibu kwa mudomo?"

"Bote. Ni haki yabo, doyen, mukubwa wa faculté, alikwisha kusaini."

"Basi mutafute namna mumuandike na yeye."

Akakuna kidevu. Akaangalia ukuta. Akaangalia Charlène. Kisha tukasikilizana.

Vile tulisikilizana nitakueleza siku nyingine. Wewe ujue hii tu: ndugu yako atajibu kwa mudomo! Nilipomuambia Gentil wamekubali, alinibeba mimi na mutoto pamoja mu mikono, jirani wakafungua madirisha. Hakuuliza kitu. Anafurahi kwa haraka, unamujua.

Bibiane wako

*

Bukavu, tarehe 7 mwezi wa saba 2023

Madame,

Ninakuandikia mu Kiswahili, ingawa si luga yetu ya kazi, kwa sababu barua ya Kifaransa ingekulazimisha kutafuta mutu wa kukusomea. Na mu nyumba yako, kama nilivyoelewa, si bwana yako atakayekusaidia.

Nikukumbushe mambo. Projet yetu ina nafasi za aina tatu: miguu, macho, masikio. Nafasi ya kusoma haimo, na si mimi niliyeisahau. Wewe mwenyewe, mbele ya sekretere Charlène, ulikubali tumuandike bwana yako mu nafasi ya miguu iliyokuwa ya mwisho. Nilifanya hivyo kwa huruma, na kwa sababu wafadhili wanapenda kukuta nafasi zote zimejaa.

Wafadhili wanafika jumamosi tarehe 15. Kila mutu wa miguu atapokea kigari cha magurudumu matatu, kile kinachoendeshwa kwa mikono. Bwana yako awe amekwisha kuketi ndani kabla ya gari zao kuingia. Afunike miguu. Asisimame. Asiweke muguu mumoja juu ya mwingine. Wakati wa wimbo wa taifa watu wote watasimama; yeye atabaki ameketi, na hakuna atakayemulaumu. Wakimuuliza tangu lini, aseme tangu utoto. Kwa namna fulani si uongo.

Asipokuja, tunafuta jina, na mutihani wa mudomo unafutika pamoja nalo.

Mutoto abaki nyumbani. Wafadhili wanapenda watoto, lakini wanaonyamaza.

Pokea, Madame, heshima zinazokufaa.

Chef de travaux Marcellin
Kordinateri

*

Luberizi, tarehe 19 mwezi wa saba 2023

Mama Akonkwa,

Jana binti ya jirani amekuja anakimbia na simu, akanionyesha foto inayotembea mu ma-groupe ya simu: Gentil wangu ameketi mu kigari cha vilema, mbele ya banderole, muzungu amemuwekea mukono ku bega. Miguu imelala chini ya kitenge. Kitenge ninakijua, mimi ndiye nilikupa ku ndoa!

Kumbe ndiyo "siku nyingine" yako. Ni ajali ya pikipiki ya motari? Ni risasi? Wamemukata wapi, chini ya goti ao juu? Unaniandikia kwa furaha "atajibu kwa mudomo", kumbe ni mudomo tu umebakia!

Hapa kilio kimeanza. Wanawake wa shamba wako mu uwanja wa lupango yangu tangu asubuhi, hakuna aliyeingia mu maji. Padiri ametaja jina la Gentil mu Misa. Watu wamechanga mbuzi. Benoît amepasua kuni peke yake bila kutumwa, hapo ndipo nimejua kwamba jambo ni kubwa.

Na wewe, kimya. Mudomo wa kusoma silabusi unao, wa kuniambia ndugu yangu amekatika huna. Ni nani alikufundisha dharau ya namna hii? Ni mimi niliyesema uolewe. Mama mukubwa alikuwa anamutakia Gentil binti ya kule Mumosho, mwenye diplome.

Nilisema Gentil arudi kulima. Nimelifuta. Asilime. Arudi tu, hata kwa kubebwa na watu. Nilimulisha kwa mukono akiwa mudogo, sijasahau namna.

Anaclet anangoja jibu. Nimemuambia asirudi bila.

Georgette

*

Nyalukemba, tarehe 20 mwezi wa saba 2023

Dada Georgette,

Miguu ya Gentil iko mizima. Simama usome hiyo kwa sauti mbele ya wanawake wote: mizima, yote mbili, na inanuka kiatu kama zamani. Mbuzi, muile kwa amani.

Sikukuambia juu niliona haya. Ile ofisi haina pahali pa mutu ambaye kusoma kunamushinda. Ina miguu, macho na masikio. Kordinateri akasema imebaki nafasi moja ya miguu, na mimi nikasema: mumuandike. Niliona ni neno tu mu karatasi ya watu wanaopenda maneno. Sikuona kwamba neno lile litaomba na mwili.

Gentil nilimuambia asubuhi ile ile ya jumamosi, wakati hakuna tena namna ya kurudi nyuma. Hakupaza sauti. Aliketi ku kitanda, akasema: "Kwa hiyo ili wasikilize ninachojua, ni lazima kwanza nikufe nusu." Kisha akaenda. Kitenge nilimufunika mimi mwenyewe. Mutoto nilimubeba, sikujali.

Dada, ungewaona! Kordinateri na karavati mupya, anazunguka vigari anafuta mavumbi ku magurudumu na kitambaa, lakini hakumusalimia hata mumoja wa wenye kuketi ndani. Wimbo wa taifa ukapigwa. Wote wakasimama, Gentil ameketi. Wewe unamujua, hata akisikia wimbo ule ku redio ya jirani anasimama. Niliona magoti yanaruka chini ya kitenge, anayashika na mikono. Muzungu akasema kitu kirefu, Marcellin akakitafsiri kifupi, watu wakapiga makofi, foto zikapigwa, wakagawa fanta.

Ilikuwa karibu kwisha. Hapo Gentil akamuona Dany, yule wa magongo, amesimama inje ya uwanja, hana kigari. Akamuita: "Na wewe? Cha kwako kiko wapi?"

Dany akasema, "Waliniambia nafasi za miguu zimejaa."

"Nani alizijaza?"

Dany alimuangalia tu miguu chini ya kitenge, kisha akaniangalia mimi. Tangu siku ile sijalala vizuri.

Basi Gentil akasimama. Gari za wafadhili zilikuwa bado hazijatoka, madirisha wazi. Alikunja kitenge akanirudishia, akainua kile kigari, akakiweka ku kichwa, magurudumu yanazunguka mu hewa, akatoka nacho ku geti akaanza kupanda mulima wa kwa kina Dany. Dany nyuma yake na magongo, mimi nyuma ya Dany na mutoto, na nyuma yangu watoto wa mutaa, kartie nzima, wanapiga mabidon ya maji: "Muujiza! Muujiza!" Maman mumoja wa karismatiki alianguka chini akaanza kusali.

Kigari chenyewe, nikuambie ukweli, ni upuuzi. Bukavu ni kupanda na kushuka. Kikishuka kinataka kumutupa Dany mu ziwa, kikipanda kinataka wanaume wawili. Sijui wafadhili walipima mji gani. Lakini mu uwanja wa chuo ni tambarare, na pale Dany anakimbia mpaka anapita walimu.

Mutihani wa mudomo sijui kama bado upo. Marcellin hajasema kitu. Ananipita ku njia na macho juu.

Unitukane, ninastahili. Lakini usiseme tena ile ya Mumosho.

Bibiane

*

Bukavu, tarehe 24 mwezi wa saba 2023

Bwana Gentil,

Utasomewa barua hii, kwa hiyo ninaifanya fupi.

Kitendo chako cha tarehe 15 kilinifedhehesha mbele ya watu waliotoka mbali. Kwa bahati, mimi si mutu wa kukosa maneno. Nimewaeleza wafadhili kwamba umesimama kwa sababu ya msaada wao, na mu ripoti nimeandika kwamba munufaika mumoja anatembea tayari. Wamefurahi sana. Wanafikiri kuongeza vigari.

Kwa hiyo mbele ya ofisi yetu wewe umepona. Mutu aliyepona hana haki ya mutihani wa mudomo. Utaandika pamoja na wenye afya.

Ninakutakia maendeleo mema.

Chef de travaux Marcellin
Kordinateri

*

Luberizi, tarehe 2 mwezi wa nane 2023

Mama Akonkwa,

Mbuzi tulikuwa tumekwisha kumula mbele barua yako ifike. Wanawake walipojua miguu ipo, walikasirika kwamba walilia bure. Wakasema basi Gentil aje, wamuvunje wao wenyewe ili kilio kisipotee. Niliwapa pombe ya ndizi wakatulia.

Ile nakala ya barua ya Marcellin uliyonitumia nimeisoma kwa sauti mu shamba. Benoît aliangusha jembe kwa kucheka, na kuangusha jembe ndiko anajua. "Umepona"! Mutu amesoma miaka yote ile ili aweze kuandika ujinga bila makosa. Huku kwetu mujinga anaonekana kutoka mbali, hana karavati, unamukwepa. Kwenu mumemupa ofisi juu ya ngazi. Akikanyaga Luberizi nitamuonyesha matope yalivyo, nimuandikie na ripoti: "Munufaika mumoja anaogelea tayari."

Na wewe, uliuza miguu ya ndugu yangu kwa neno. Sijasahau. Ila ningekuwa mimi mulangoni pale, na Gentil ametoka na shati yenye kulowa, sijui kama nisingeuza na mikono.

Nimewaza sana juu ya Papa na kile kitabu kilichogeuka. Alikuwa anatutuma sisi watoto tumusomee jumamosi mangaribi, anasema ni kutufundisha. Mimi ndiye nilikuwa nasoma sana. Sisemi kitu. Nimewaza tu.

Gentil aache maofisi. Aache kutuma muke. Aende mwenyewe kwa yule profesa wa udongo, na ile miguu yake, amwambie mu uso: kusoma kunanishinda, udongo haunishindi. Wakimukatalia mu uso, basi, lori ya Anaclet ipo, na hapa hatacheka mutu. Niliwakataza.

Muche unatoka mu kitalu wiki ijayo. Benoît atapandikiza pahali pa Gentil. Ndiyo, Benoît. Tangu nimutafutie jina la ugonjwa wake anaogopa watamuletea kigari.

Georgette

*

Mu uwanja wa chuo, tarehe 14 mwezi wa nane 2023

Dada Georgette,

Nakuandikia nimeketi inje ya chumba cha mutihani, karatasi juu ya goti. Akonkwa iko kwa Dany, anamuzungusha mu uwanja. Dany ndiye atampa Anaclet barua hii, hata kama sitaimaliza, juu lori inatoka leo.

Gentil alifanya vile ulisema. Tulienda pamoja, lakini yeye ndiye alisema. Tulimukuta Profesa Camille ku barza ya faculté, na asistenti wake wawili wanambebea sakoshi. Gentil akasema: "Profesa, kusoma kunanishinda tangu utoto. Kozi yako ninaijua. Uniulize."

Muzee hakusimama hata. "Kijana, wasio na saini ya doyen niliwakataza mutihani wa mudomo mu kozi yangu. Wanafunzi walikuwa wanasifu suti yangu mahali pa kujibu."

"Basi nisomewe maswali. Majibu nitaandika mwenyewe, hata kwa makosa."

"Na nani atakusomea? Hawa?" Akaonyesha asistenti kwa kidevu. "Hawakufanya masomo marefu ili wawe redio ya mutu." Asistenti wakacheka, kumbe ni wao wenyewe wanatukanwa. Kisha akaniona. "Na huyu?"

"Ni muke yangu. Ndiye ananisomeaga."

"Amefika wapi?"

"Mwaka wa pili wa secondaire," nikajibu mwenyewe.

Akaniangalia toka juu mpaka chini, na uso ukamufunguka kwa mara ya kwanza. "Vizuri sana! Huyu hawezi kukupenyezea jibu hata akitaka. Alete macho na mudomo. Kichwa hatukihitaji."

Ile tusi, Dada, niliipokea na mikono miwili na nikapiga magoti kidogo. Nilisema "Asante, Profesa" vile mutu anasema kwa aliyemupa shamba. Hajui kwamba mutu akirudilia kitu kwa sauti mwaka mzima juu ya kinu, kitu kinaingia hata kwa asiyealikwa. Sikumwambia. Nitasoma, nitafunga mudomo. Nikimusaidia hata kwa kukohoa, watasema walikuwa na haki kumudharau.

Asubuhi hii tumefika, kumbe Marcellin amekwisha kufika mbele yetu, na sekretere wake Charlène, na ile ripoti yake mukononi. Anasema mutu aliyepona hawezi kusaidiwa, wafadhili wakisikia wataona nini? Anasema mwanamuke wa inje hawezi kuingia mu chumba cha mutihani, tena na kapeti za plastiki. Wameingia ndani na Profesa, wamefunga mulango, na wanagombana mu Kifaransa cha haraka. Ninasikia "projet", ninasikia "dignité", ile heshima yao. Profesa ninamusikia anamuuliza kama yeye ndiye sasa anamufundisha kazi. Wako wawili wa dharau, Dada, na tumaini langu lote ni kwamba dharau ya muzee ni kubwa kupita ya mwingine.

Gentil iko ndani, ameketi ku benchi ya nyuma. Ninamuona mugongo ku dirisha. Shati bado kavu.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nilipokuwa nangoja hapa, mwanafunzi mumoja wa karavati, mutoto wa watu wakubwa wa mutaa wa Muhumba, alinipita, akarudi, akajifanya anafunga kiatu. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maman, ni kweli unasomeaga watu?" Nikasema, ninamusomeaga bwana yangu. Akasema, "Ukisoma, mutu mwingine anaweza kuketi karibu?" Sikumucheka. Nilimwambia aje mangaribi, lakini ku nyumba yangu anayesikiliza anatwanga sombe. Akasema atatwanga. Nyuma yake akaja msichana, naye akauliza hiyo hiyo, anaangalia upande mwingine. Kumbe ni wengi, Dada. Wamejificha mu karavati.

Wamenyamaza ndani. Wakinikatalia, Gentil atapanda lori na barua hii. Nguo zake nimekwisha kuzikunja, hajui. Wakikubali, nitasoma kila swali pole pole, nitapumua pahali pa koma, na sitamuangalia hata mara moja mu macho, juu uso wangu anausoma vizuri kupita mutu yeyote anavyosoma kitabu, na nikijua jibu atali

Mulango umefunguka. Charlène ametoka, anatafuta mutu kwa macho. Hasemi "maman". Hasemi "muke ya Gentil". Anaita kwa nguvu, uwanja mzima unasikia: "Musomaji! Musomaji aingie!" Dada, ni mimi huyo, ni mimi anani